Pelinobius wangu amefunga mlango wa shimo kwa wiki 7 sasa: nifukue au nisubiri?

Binti_Makorora

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Naomba ushauri wa watu wenye uzoefu, kwa sababu siku hizi ninaamka usiku wa manane kwenda kulitazama kasha la kioo ambalo halionyeshi dalili yoyote ya uhai.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga na ninaishi Hamburg, Ujerumani. Mwezi wa Machi mwaka huu nilinunua Pelinobius muticus, yule buibui mkubwa wa rangi ya kutu, wa jamii ya tarantula, ambaye asili yake ni kwetu, Kenya na Tanzania. Huyu hakukamatwa porini; amezaliwa hapahapa Ujerumani mikononi mwa mfugaji, na hilo ndilo lililokuwa sharti langu la kwanza kabla sijatoa fedha. Akinyoosha miguu ana upana wa sentimita 9 hivi, kwa hiyo bado ni kijana. Jinsia yake haijajulikana.

Kasha lake lina sentimita 30 kwa 30, na kimo chake ni sentimita 40. Ndani yake niliweka unga wa makumbi ya nazi mtupu, kina cha sentimita 18, pamoja na kisahani cha maji na kipande cha gome la mti. Usiku wa kwanza nilikaa gizani na tochi yenye mwanga mwekundu nikimtazama akichimba. Alikuwa anakusanya udongo kwa meno na mikono yake midogo ya mbele, anauzungushia utando mpaka unakuwa kama tonge la ugali, kisha analibeba tonge lile hadi mlangoni na kulisukuma nje. Nilihesabu matonge 23 kabla usingizi haujanishinda, na tangu usiku ule nikajua kwamba nimempenda kiumbe huyu kweli.

Alikula mende mmoja kila wiki bila shida hadi mwanzoni mwa Septemba, alipoanza kukataa chakula. Baada ya siku chache akaziba mlango wa shimo kwa udongo na utando, na mpaka leo ni wiki 7 hajaonekana. Shimo lake lilikwenda katikati ya kasha, si pembeni, kwa hiyo siwezi kumwona kupitia kioo. Kwa kuwa majira ya baridi yameingia, nimeweka mkeka wa joto chini ya kasha, kama muuzaji alivyonielekeza, na kipimajoto kilichopo juu ya udongo kinasoma nyuzi 24. Nimeona pia ukungu mweupe kidogo karibu na kisahani cha maji.

Je, huyu amekufa? Nina kijiko kirefu na ninaweza kufukua taratibu kutoka upande mmoja hadi nimfikie. Nifanye hivyo, au nisubiri? Na kama ni kusubiri, mwisho wake ni lini?

Jabali

Pole sana, dada. Mimi nilikuwa na tarantula wa Mexico ambaye naye alijifungia kwa mwezi mzima, nikashindwa kuvumilia, nikamfukua na kumkuta salama. Kwa maoni yangu wiki 7 ni nyingi mno, hasa ukiwa na ukungu ndani ya kasha. Ningekuwa wewe ningefukua polepole kwa brashi ili angalau moyo utulie.

Kichuguu

Dada Binti_Makorora, tafadhali weka kijiko hicho chini kabla hujasoma sentensi inayofuata. Ninaheshimu maoni ya ndugu Jabali, lakini buibui wake alinusurika kwa bahati, nami niliwahi kuikosa bahati hiyo. Miaka mingi iliyopita, nikiwa na uzoefu mdogo, nilifukua shimo la buibui wa shimoni kutoka Afrika Magharibi aliyekuwa amejifungia kwa wiki 5. Nilimkuta chali, akiwa katikati ya kujivua gamba, ngozi ya zamani imeshapasuka kifuani na miguu mipya ikiwa imetoka nusu. Udongo uliporomoka juu yake. Asubuhi yake alikuwa amekufa huku miguu mitatu ikiwa imenasa ndani ya gamba. Sijamfukua buibui yeyote tangu siku ile.

Hayo unayoyaeleza, kukataa chakula, kisha kuziba mlango, kisha kimya kirefu, ndiyo mwenendo wa kawaida kabisa wa buibui anayejiandaa kujivua gamba. Tarantula anapojivua habadilishi ngozi ya nje tu. Anabadilisha pia utando wa ndani wa koo lake na wa mapafu yake, na kwa jike hata vile vifuko vya kuhifadhia mbegu za dume. Kazi hiyo inamwacha laini kama chapati mbichi, na meno yake yanakuwa meupe yasiyoweza kutoboa kitu. Shimo lililozibwa ndiyo ngao yake ya pekee wakati huo. Pelinobius, zaidi ya hayo, ni spishi inayokua polepole sana, na wiki 7 kwake si muda wa kutisha. Wangu mkubwa aliwahi kukaa ndani miezi 5, akatoka akiwa mnene na mwenye hasira zake zilezile.

Dalili za kifo nitakueleza. Buibui mkubwa akifa ndani ya udongo wenye unyevu, ananuka, na harufu hiyo haifichiki. Utaisikia mara tu unapofunua kifuniko, na mara nyingi utaona vijinzi vidogo vikizunguka. Kama kasha lako linanuka udongo tu, basi huna msiba.

Hata hivyo kuna jambo moja katika maelezo yako ambalo limenishtua kuliko wiki 7, nalo ni mkeka wa joto uliouweka chini. Buibui anayeishi juu ya ardhi akihisi joto kali hutafuta kivuli. Huyu wa shimoni, kwa maumbile yake, akihisi joto huchimba kwenda chini, kwa kuwa porini chini ndiko kwenye ubaridi na unyevu. Wewe umeweka jiko mahali pale anapokimbilia. Kadiri anavyoshuka ndivyo anavyoungua zaidi, na udongo wa chini unakauka wakati ule wa juu unaonekana mzima. Kipimajoto chako kinasoma hali ya juu, mahali ambapo buibui hayupo. Chomeka kipimajoto chenye waya hadi sakafuni mwa kasha, pembeni kabisa mbali na shimo, kisha uturudie na majibu.

Ukavu ni hatari kwake kwa sababu moja ambayo wengi hawaijui. Buibui ana misuli ya kukunja miguu, lakini kuinyoosha anategemea msukumo wa maji ya mwili. Maji yakipungua, miguu hukunjamana chini ya kifua, na anapojivua hukosa nguvu ya kujisukuma nje ya gamba. Vifo vingi wakati wa kujivua vinavyoambiwa ni vya ghafla vilianza wiki nyingi kabla, katika udongo uliokauka.

Mzee_wa_Nyika

Salamu kwenu nyote. Mimi si mfugaji na sijawahi kumweka buibui ndani ya kioo. Nimekuwa mwongoza watalii kwa miaka mingi katika nyika hizi za upande wa Voi na Taveta, na buibui wakubwa wa shimoni ninawaonyesha wageni karibu kila wiki, kwa hiyo nitasema ninachokiona huku.

Shimo la buibui hawa mara nyingi utalikuta kwenye shina la kichaka cha miiba, mahali ambapo mizizi imeshika udongo. Mlango wake ni wa duara, umezungushiwa utando uliochanganyika na majani makavu, na kwa mtu mzima unaweza kuingiza mdomo wa kikombe cha chai. Asubuhi na mapema, jua likiwa bado liko chini, utando ule unashika umande na unang'aa kama pete. Ndani, shimo linashuka wima kidogo kisha linapinda, na kule mwisho kuna chumba. Niliwahi kuona moja lililokatwa na greda lililokuwa linatengeneza barabara, na kutoka mlangoni hadi chumbani lilizidi urefu wa mkono wangu kutoka begani. Udongo wa juu ulikuwa vumbi jekundu linaloungua nyayo, lakini ule wa chumbani ukiufinyanga kiganjani unashikana. Hii ilikuwa Septemba, mwisho wa kiangazi, mvua ya mwisho ikiwa ni ya Mei.

Ninalotaka kumwambia mwanangu Binti_Makorora ni kwamba huku milango ya mashimo hayo hufungwa katika miezi ya kiangazi, kuanzia Juni au Julai, na mingi haifunguliwi mpaka mvua za vuli zinyeshe. Mgeni akinijia Agosti akitaka kumwona, ninampeleka kwenye shimo lililozibwa na kumwambia kwamba mwenye nyumba yumo. Hakuna anayemletea chakula wala maji, na Novemba, baada ya mvua ya pili au ya tatu, ninakuta udongo mpya umetupwa mlangoni. Wakati huohuo ndipo madume, ambao ni wembamba na wenye miguu mirefu, wanaanza kutembea usiku wakitafuta majike.

Adui anayeogopwa na buibui huyu ni nyigu mkubwa mweusi mwenye mbawa za rangi ya machungwa. Anamtoa buibui shimoni, anamchoma mwiba unaompooza bila kumuua, anamburuta hadi kwenye shimo na kutaga yai moja juu yake. Nimelishuhudia jambo hilo mara mbili. Kwa hiyo buibui anapofunga mlango wake ana sababu, na anayeufungua kwa nguvu anafanya kazi ya nyigu.

Binti_Makorora

Mzee wangu, shikamoo, na ahsante sana. Nimeyasoma maelezo yako mara tatu, na ile habari ya udongo unaoshikana kiganjani ukiwa chini ya vumbi imenifanya nitazame kasha langu kwa jicho jingine.

Ndugu Kichuguu, nimefanya ulivyosema. Juu ya udongo ni nyuzi 24. Chini kabisa, pembeni, ni nyuzi 33, na ncha ya waya ilitoka ikiwa kavu kabisa, na chembechembe za makumbi zilizong'ang'ania zilikuwa nyepesi kama vumbi la mbao. Nimeuchomoa mkeka kwenye umeme saa ileile. Kasha halinuki chochote isipokuwa udongo. Sasa nifanye nini bila kumsumbua?

Jabali

Nami ninarudisha kauli yangu ya awali, kwa kuwa sikuwa nimelifikiria suala la kujivua gamba. Naomba kuongeza swali lililo karibu na hili. Ninarudi nyumbani Kenya mwezi ujao. Je, ninaweza kuchukua buibui mmoja porini nikaja naye huku, maadamu ni kwa ajili ya kufuga tu na si biashara?

Mzee_wa_Nyika

Marahaba, mwanangu Binti_Makorora. Ndugu Jabali, jibu ni hapana, nami ninakuomba usijaribu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 ya uhifadhi wa wanyamapori haiwalindi tembo na simba peke yao. Mwezi wa Mei mwaka 2025 mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza vijana wawili wa Ubelgiji faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa kukutwa na malkia wa chungu, yaani sisimizi, wapatao 5,000 ndani ya vichupa. Kama chungu wamewapeleka watu kizimbani, buibui wa ukubwa wa sahani hatapita. Zaidi ya sheria, mtu anamchukua jike kwa siku moja ilhali jike huyo alihitaji miaka mingi kukua hadi kuzaa, na nimeona sehemu mbili karibu na barabara ambako mashimo yalikuwa mengi na sasa yamebaki matundu matupu yenye alama za jembe.

Kichuguu

Nyuzi 33 katika chumba chenye ukavu ule ni jambo zito, lakini umeligundua mapema, na nina matumaini. Fuata haya kwa utulivu.

Mkeka usiurudishe chini ya kasha kamwe. Kama chumba chako hakishuki chini ya nyuzi 20 usiku, huhitaji chochote. Kikishuka, afadhali upashe chumba kizima joto, au ubandike mkeka ubavuni, sehemu ya juu, ukiwa na kifaa cha kuzima joto likifika nyuzi 25, ili buibui akitaka ubaridi aupate chini, mahali anapoutarajia.

Kuhusu maji, usinyunyize juu. Maji ya kunyunyiza yanalisha ukungu na hayafiki chumbani. Chukua mrija mpana au kipande cha bomba la plastiki, ukishindilie polepole kwenye kona iliyo mbali na shimo hadi karibu na sakafu, kisha mimina maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, labda nusu kikombe leo na nusu kikombe baada ya siku 3. Unga wa makumbi utayavuta kutoka chini kwenda juu. Unachotaka ni unyevu wa chini na ukavu kiasi wa juu, kama Mzee alivyouona kwenye lile shimo la greda. Kisahani kiwe na maji wakati wote. Ule ukungu ufute kwa kitambaa na uongeze matundu ya hewa pembeni mwa kasha, si wavu wa chuma kwenye kifuniko, kwa sababu kucha za buibui hunasa kwenye wavu akipanda, na akining'inia huko anaweza kukatika mguu.

Chakula usiweke kabisa. Mende au nyenje aliye hai akiingia shimoni wakati buibui yuko chali, ni yeye atakayemla buibui.

Baada ya hapo, subiri. Hapo hakuna ujuzi mwingine.

Atakapotoka, itabidi tuzungumze kuhusu udongo, maana sentimita 18 za makumbi matupu hazimtoshi. Jike mzima wa spishi hii hufikia upana wa karibu sentimita 20, na ile miguu yake minene ya nyuma iliyopinda imeumbwa kwa ajili ya kazi ya shimo. Mimi huchanganya sehemu 3 za udongo wa shambani usio na mbolea wala dawa, sehemu 1 ya mfinyanzi na sehemu 1 ya unga wa makumbi. Ninaulowesha mpaka nikiufumbata unakuwa donge lisilomeguka, lakini maji hayachuruziki kati ya vidole. Kisha ninaujaza tabaka kwa tabaka na kushindilia kila tabaka kwa kitako cha chupa, hadi kina cha sentimita 30 au zaidi. Makumbi peke yake yakikauka hayashikani, na paa la shimo huanguka. Kabla sijamtia buibui, ninachomeka mpini wa ufagio ulioegemea kwenye kona ya kioo ili kuanzisha shimo. Wengi hulikubali shimo hilo na kuliendeleza, na hivyo chumba kinakuwa kwenye kioo. Nje ya kioo ninabandika karatasi nyeusi ninayoweza kuiinua kwa sekunde chache. Ungekuwa nayo, usingekuwa unaamka usiku.

Nafasi kati ya udongo na kifuniko isizidi sana upana wa miguu yake, kwa maana tarantula mzito akianguka kutoka juu tumbo hupasuka. Kwa hiyo kadiri udongo unavyokuwa mwingi, ndivyo anavyokuwa salama pande zote mbili.

Jambo moja la kitabuni: ukitafuta maandiko ya zamani kuhusu huyu, utamkuta kwa jina la Citharischius crawshayi, alilopewa na mwanasayansi Pocock mwaka 1900. Mwenzake Karsch alikuwa ameshamwita Pelinobius muticus mwaka 1885, na mwaka 2010 ikathibitishwa kwamba ni spishi moja, likarudi jina la kwanza. Usidhani umesoma habari za mnyama mwingine.

Binti_Makorora

Ndugu zangu, leo ni tarehe 11 Januari, na ninarudi na habari.

Nilifanya kila kitu alichosema ndugu Kichuguu. Kipimajoto cha chini kilishuka hadi nyuzi 22 ndani ya siku moja, na baada ya maji ya tatu niliona mstari wa unyevu ukipanda kwenye kioo kutoka sakafuni, rangi ya kahawia iliyokolea chini ya ile iliyopauka, kimo cha vidole vinne. Nikalifunika kasha kwa kanga na kujizuia kulitazama isipokuwa Jumapili.

Jumapili iliyopita nilikuta mlango uko wazi, na pembeni yake kuna kitu kama rundo la matambara ya kahawia yaliyosokotwa. Lilikuwa gamba lake. Nililitoa kwa koleo refu, nikalilaza kwenye sahani yenye maji na tone la sabuni ya vyombo kwa muda wa saa moja, na likalainika kiasi kwamba niliweza kulifunua kwa brashi ya rangi bila kulichana. Miguu yote 8 imo, hakuna uliokatika. Upande wa ndani wa tumbo, kati ya ile jozi ya mbele ya mapafu, ambayo yanaonekana kama mabaka mawili meupe, kuna kikunjo kidogo kilichosimama kinachoonekana wazi kwa kioo cha kukuzia. Nimempelekea Kichuguu picha faraghani naye amethibitisha kwamba ni jike.

Juzi usiku nilimwona mwenyewe. Amekaa mlangoni, miguu miwili ya mbele iko nje, rangi yake imekuwa kama udongo wa matofali uliotoka kwenye tanuri. Nilipogusa kifuniko aliinua kifua na kutoa ile sauti yake kwa kusugua miguu ya mbele, sauti ya mtu anayepangusa meza kwa brashi ngumu, na kwa sekunde moja niliona meno. Bado ni mekundu, hayajawa meusi, kwa hiyo sijamlisha na sitamlisha wiki hii.

Kasha jipya lenye kimo cha sentimita 50 liko jikoni, na udongo niliuchanganya jana kwa kipimo cha 3, 1 na 1. Mfinyanzi nimeupata kwa mama mmoja jirani anayefinyanga vyungu, aliyetaka kujua ni chungu gani ninachotaka kutengeneza, na nilipomwambia ukweli aliomba aje kutazama. Nitamhamisha buibui mwezi wa Februari, akiwa ameshakula mara mbili, usiku, atakapokuwa ametoka mwenyewe, kwa kuziba shimo nyuma yake na kumfunika kwa bakuli la plastiki. Ndugu Kichuguu, naomba unijulishe jambo moja: huo mpini wa ufagio unauegemeza kwa pembe gani, na unaushusha hadi sakafuni au unaacha udongo chini yake?

Kichuguu

Hongera sana, dada. Uegemeze kiasi cha nusu ya pembe mraba, uguse kioo pande zote mbili za kona, na uache sentimita 10 za udongo ulioshindiliwa chini yake. Hizo ataziendeleza mwenyewe.